Kuweka mipangilio ya kutambua kingo na vitu kwenye kamera ya ukaguzi: mfano wa laini ya maji ya chupa

Kihisi cha kamera cha viwandani ni kisanduku kidogo kilichobeba lenzi, taa, kipokea picha na kompyuta ndani ya ganda moja, na kazi yake ni kupiga picha ya bidhaa inayopita, kuikagua kwa vigezo ulivyokipa, kisha kutoa ishara ya umeme ya kukubali au kukataa. Mafundi wengi hukiita kamera tu, na mimi nitafanya hivyo kuanzia hapa. Kampuni kama Cognex, Keyence, SICK, ifm na Banner hutengeneza kamera za namna hii, na kila moja ina programu yake ya kompyuta na majina yake ya zana, lakini kanuni za kutafuta ukingo na kutambua kitu hazibadiliki sana unapohama kutoka kamera moja kwenda nyingine. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata kazi yenyewe na si menyu ya kampuni fulani. Menyu utaikuta kwenye kitabu kilichokuja na kamera yako.

Kazi tutakayoifuata ni laini ya maji ya kunywa ya nusu lita inayotoa chupa 120 kwa dakika, mkanda ukienda kwa mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde, ambao unaacha milimita 250 kutoka katikati ya chupa moja hadi katikati ya inayofuata. Kamera ya kwanza inasimama baada ya mashine ya kufunga vifuniko na inatakiwa kukamata chupa isiyo na kifuniko, chupa ambayo kifuniko chake hakikukaza, na chupa ambayo kifuniko chake kimekaa upande. Kamera ya pili iko mwishoni, juu ya katoni ya chupa 12 zilizofungwa kwa nailoni, na inahesabu vifuniko. Ya kwanza ni kazi ya kingo, ya pili ni kazi ya vitu.

Picha kwanza

Matatizo mengi yanayoletwa kwa fundi yakiitwa matatizo ya mipangilio huwa ni matatizo ya mwanga na umbali. Kabla ya kugusa kizingiti chochote, yaani namba inayotenganisha mwanga na giza, hesabu pikseli moja, ile nukta ndogo kabisa ya picha, inabeba milimita ngapi. Kamera yenye pikseli 640 kwa 480, ikiwekwa kwenye umbali unaoifanya ione upana wa milimita 96, inaipa kila pikseli milimita 0.15. Kifuniko chenye kipenyo cha milimita 30 kitachukua pikseli 200, na kifuniko kilichoinuka kwa milimita moja kitaonekana kimepanda pikseli 6 au 7, tofauti ambayo kamera inaipima bila shida. Lau ungeirudisha kamera nyuma hadi ione chupa nzima kwa urefu wa milimita 240, milimita hiyo moja ingebaki pikseli mbili, na hapo ungekuwa unaiomba kamera ikisie. Niliwahi kukuta kamera imewekwa hivyo kwa sababu tu msimamizi alipenda kuona chupa yote kwenye skrini.

Kwa kazi hii ninachagua taa ya nyuma, yaani bamba jeupe linalong'aa lililowekwa upande wa pili wa mkanda, likiitazama kamera. Chupa ikipita kati yao, kifuniko huonekana kama kivuli cheusi juu ya uwanja mweupe, na rangi yake haina tena maana yoyote. Ukitumia taa ya mbele ya rangi nyekundu pamoja na kamera isiyotofautisha rangi, kifuniko cha bluu kitaonekana cheusi ilhali cheupe na chekundu vitaonekana vyeupe, na siku idara ya masoko itakapobadilisha rangi ya kifuniko bila kumwambia mtu wa matengenezo, mipangilio yako yote itaanguka. Idara ya masoko haina desturi ya kumwambia mtu wa matengenezo.

Muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha nao unahesabika. Kwa mwendo wa milimita 500 kwa sekunde, milisekunde moja inatosha chupa kusogea milimita 0.5, ambazo ni zaidi ya pikseli tatu, na ukingo uliotakiwa kuwa mkali unageuka ukungu. Ili ukungu usizidi pikseli moja, muda huo usivuke milisekunde 0.3, mimi huweka 0.2. Picha ikiwa na giza baada ya hapo, ongeza nguvu ya taa kwanza. Ukiongeza gaini, yaani kukuza ishara ya kipokea picha, picha itang'aa, lakini na chenga, zile nukta za ovyo zisizo sehemu ya kitu, zitang'aa pamoja nayo, na chenga ndizo adui wa kila utakachokifanya baadaye. Halafu zungusha pete ya fokasi ukiwa na chupa halisi mbele ya lenzi hadi namba ya ukali wa picha inayoonyeshwa na programu ifike kilele, na ukaze skrubu yake palepale.

Mwanga wa nje nao una yake. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kando ya Dar es Salaam, kamera ilikuwa ikikataa chupa nzuri kila siku inapofika saa kumi alasiri, na kuacha yenyewe jioni. Watu walibadilisha kizingiti mara nyingi hadi wakapoteza hesabu. Sababu ilikuwa juu ya paa: bati mbili za plastiki za kupitishia mwanga, ambazo kwa saa hiyo zilileta jua moja kwa moja kwenye kioo cha lenzi. Kipande cha bati jeusi kilichokunjwa kama kibanda juu ya kamera kilimaliza ugomvi. Taa za tyubu za zamani nazo, kwa umeme wetu wa hezi 50, hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na kamera inayopokea mwanga kwa muda mfupi kuliko mpigo huo itapata picha moja yenye mwanga zaidi na nyingine yenye mwanga kidogo. Kibanda hichohicho kinasaidia.

Nani anaiamuru kamera

Kamera hupiga picha inapopewa ishara na kihisi cha mwanga kilichofungwa kando ya mkanda, kwa kawaida kwa umeme wa volti 24. Hapa kuna mtego ambao nimeukuta zaidi ya mara moja. Chupa ya maji ni angavu, na kihisi cha kawaida hakiioni vizuri, kwa hiyo fundi anakielekeza kwenye kifuniko, ambacho hakipitishi mwanga. Ishara inakuja safi, kila mtu anafurahi. Siku chupa isiyo na kifuniko inapita, kihisi hakioni kitu, kamera haipigi picha, na chupa hiyo inaondoka bila kukaguliwa kabisa, huku takwimu za kamera zikionyesha kwamba hakuna iliyokataliwa. Kifuniko ndicho mshtakiwa katika kesi hii. Hakiwezi kuitwa tena kuwa shahidi.

Elekeza kihisi kwenye lebo au kwenye bega la chupa, na ukitumia bega, chukua kihisi kilichotengenezwa kwa ajili ya vitu angavu, kile kinachofanya kazi na kioo cha kurudisha mwanga. Mshtakiwa huyo tutakutana naye tena katika kuweka nanga na katika kizingiti, na shauri litakuwa lilelile.

Ukingo machoni mwa kamera

Kamera isiyotofautisha rangi huipa kila pikseli namba kutoka 0, ambayo ni weusi kamili, hadi 255, ambayo ni weupe kamili. Ukingo ni mahali ambapo namba hizo zinabadilika kwa kasi. Chukua mstari mmoja unaoshuka kutoka hewani hadi kwenye kifuniko mbele ya taa ya nyuma, na usome pikseli zake kwa mpangilio: 212, 211, 209, 160, 92, 47, 45, 46. Tatu za kwanza ni taa, tatu za mwisho ni kifuniko, na katikati ndipo ukingo ulipo. Mtu angesema ukingo uko kwenye pikseli ya nne au ya tano. Kamera inaweza kusema zaidi ya hapo, kwa sababu kama kizingiti ni 128, thamani hiyo inaangukia karibu nusu ya njia kati ya 160 na 92, kwa hiyo kamera inatoa jibu la pikseli 4.47. Ndivyo inavyopata vipimo vidogo kuliko pikseli yenyewe.

Sasa fikiria vumbi na matone yamekaa juu ya taa hadi mwanga wake umeshuka kufikia asilimia 70. Namba zilezile zinakuwa 148, 148, 146, 112, 64, 33, 32, 32. Kwa kizingiti kilekile cha 128, ukingo sasa unapatikana kati ya 146 na 112, yaani kwenye pikseli 3.53. Kifuniko hakikusogea hata kidogo, lakini kamera inadai kimepanda karibu pikseli nzima, ambayo ni milimita 0.14. Hicho ndicho kizingiti cha namba moja kwa moja. Kizingiti cha asilimia hufanya kazi tofauti: kinachukua pikseli nyeupe kuliko zote na nyeusi kuliko zote ndani ya eneo la kukagua, na kuweka mpaka katikati yake ukiwa umechagua asilimia 50. Katika picha ya kwanza mpaka utakuwa 128.5, katika ya pili utakuwa 90, na ukingo utabaki palepale penye 4.46. Kwa mazingira yenye vumbi, unyevu na taa zinazozeeka, kizingiti cha asilimia ndicho ninachokipendekeza karibu kila mara.

Lakini kina ubaya wake, na ubaya huo haujitangazi. Pasipo na kitu, eneo la kukagua linaona taa tupu: 212, 210, 213, 211. Asilimia 50 kati ya 210 na 213 ni 211.5, na kamera itatangaza kwa uhakika wote kwamba imepata ukingo, ingawa ilichokipata ni chenga. Kwa hiyo kila unapochagua asilimia, weka pia kiwango cha chini cha utofauti kati ya weupe na weusi, ambacho ukingo usipokifikia hauhesabiwi. Kwa taa ya nyuma, ambapo utofauti halisi ni zaidi ya 160, naweka 60. Taa ikishuka hadi asilimia 70 bado utofauti unazidi 110, na chenga za namba 3 au 5 hazifiki hata karibu.

Kuweka zana ya ukingo

Unganisha kompyuta na kamera kwa waya wa mtandao na uzipe anwani za familia moja, kwa mfano 192.168.0.1 kwa kamera na 192.168.0.2 kwa kompyuta, zote zikiwa na barakoa ya mtandao (subnet mask) ya 255.255.255.0. Piga picha ya chupa nzuri, uihifadhi, na ufanye kazi juu ya picha hiyo iliyosimama kabla ya kuwasha mkanda.

Anza na zana ya kutafuta mahali, ile ambayo zana nyingine zote zinaifuata. Chupa hazisimami mahali pamoja kila mara. Moja hupigwa picha ikiwa milimita tatu mbele, nyingine milimita mbili nyuma, na maeneo ya kukagua lazima yasogee nazo. Wengi huitia nanga zana hii kwenye ukingo wa kushoto wa kifuniko kwa sababu ndio mkali kuliko yote. Kifuniko kikikosekana, nanga inashika uzi wa shingo, ile mizunguko ya plastiki ambayo kifuniko hukazwa juu yake, au haishiki kitu, na maeneo mengine yote yanaruka kwenda pasipojulikana. Itie nanga kwenye pete ya shingo, ile pete ya plastiki iliyo chini ya kifuniko ambayo mashine huishika wakati wa kubeba chupa. Pete hiyo ni sehemu ya chupa, kwa hiyo ipo hata kifuniko kisipokuwepo. Mstari wa kutafutia uweke mlalo, ukitoka kushoto, ukipita kwenye kimo cha pete, na uchague ukingo wa kwanza unaotoka kwenye mwanga kwenda gizani.

Kisha chora mistari miwili ya wima inayoshuka juu ya kifuniko, mmoja milimita 10 kushoto kwa katikati na mwingine milimita 10 kulia. Kwa kila mmoja chagua mwelekeo wa kutafuta kutoka juu kwenda chini, badiliko la mwanga kwenda giza pekee, na ukingo wa kwanza. Usichague mabadiliko yote mawili kwa kudhani unaiongezea kamera uwezo. Unachokiongeza ni idadi ya makosa inayoweza kufanya. Vilevile chaguo la ukingo wenye nguvu kuliko yote linaonekana la busara, lakini pengo kati ya kifuniko na ukanda wake wa usalama linaweza kupitisha mwanga wa kutosha kuwa na ukingo mkali kuliko ule wa juu. Ipe mistari hii yote upana wa pikseli 15 hivi, kwa sababu kamera huchukua wastani wa upana wote, na wastani hupunguza chenga. Ukizidisha upana, kifuniko kilichoinama kitaonekana kama ukungu, kwa kuwa sehemu moja ya eneo itakuwa imefika kwenye plastiki na nyingine bado iko hewani.

Kilichobaki ni ukingo wa pete, ambao ndio msingi wa kupimia kimo. Ukiutafuta katikati ya shingo utasumbuka, maana huko kuna uzi, maji, matone na plastiki angavu inayopinda mwanga kila upande. Hila niliyofundishwa na fundi mzee ni kuutafuta nje. Kwa chupa zetu pete inajitokeza nje ya kifuniko kwa milimita moja hivi kila upande, yaani pikseli 6 au 7. Mstari mwembamba wa wima wenye upana wa pikseli 4, ukishuka pembeni kidogo mwa kifuniko, hauoni chochote isipokuwa taa nyeupe hadi unapogonga pete. Ukingo wake unakuwa safi kuliko wowote mwingine katika picha. Mstari mwembamba hivyo hauwezi kufanya kazi bila ile nanga, na ndiyo sababu nanga ilitangulia.

Mpangilio wa ulainishaji, ambao huwa na namba kama 1 hadi 10, unaiambia kamera ichanganye pikseli ngapi jirani kabla ya kutafuta badiliko. Ongeza hadi chenga zitulie, kisha uishie hapo, kwa sababu ulainishaji mkubwa huunganisha kingo mbili zilizokaribiana zikaonekana moja. Kwa picha nzuri 2 inatosha. Ukijikuta unahitaji 8, rudi kwenye taa.

Sasa una vipimo vitatu: kimo cha kushoto juu ya pete, kimo cha kulia, na tofauti kati ya hivyo viwili. Kimo kikizidi, kifuniko hakikukaza. Tofauti ikizidi, kimekaa upande. Kumbuka kuweka mpaka wa chini pia. Chupa isiyo na kifuniko haiachi mistari yako mikono mitupu: mdomo wa chupa, ingawa ni angavu, unapinda mwanga na kuonekana kama mstari mweusi, na kamera inaupokea kama ukingo halali ulioko chini kidogo tu ya ulipotakiwa kuwa. Mtu aliyeweka mpaka wa juu pekee anapitisha chupa zilizo wazi. Na popote programu inapouliza kamera ifanye nini isipopata ukingo, jibu liwe kukataa.

Mipaka inatoka kwenye chupa mbovu

Kamera nyingi zina kitufe cha kujifundisha, ambacho hupiga picha ya chupa moja nzuri na kuweka mipaka kwa asilimia fulani juu na chini yake. Kinaokoa dakika tano, na mimi sikitumii. Chupa moja nzuri haijui chupa mbovu inafananaje.

Kusanya chupa nzuri 30 hivi, lakini zitoke kwenye kila kichwa cha mashine ya kufunga vifuniko, kwa sababu kila kichwa kina mkazo wake na vimo vyake vinatofautiana kidogo. Kisha tengeneza chupa mbovu kwa mkono: zisizo na kifuniko, zilizokazwa nusu mzunguko pungufu, zilizofungwa uzi ukiwa umepishana. Zipitishe zote mkanda ukiwa kwenye mwendo wake wa kawaida, kwa kuwa vipimo vya chupa iliyosimama huwa vizuri mno kuaminika, na uandike kila namba. Katika daftari langu la kazi moja chupa nzuri zilitoa kimo cha milimita 17.6 hadi 17.9, zilizolegea zilianzia 18.5, na zisizo na kifuniko zilikuwa 15.9 hadi 16.1. Mpaka wa juu ukaenda 18.2, katikati ya nzuri iliyo ndefu na mbovu iliyo fupi. Mpaka wa chini ukaenda 17.0. Tofauti ya kushoto na kulia haikuzidi 0.3 kwa nzuri na haikushuka chini ya 0.9 kwa zilizokaa upande, kwa hiyo 0.6.

Ukikuta namba za nzuri na za mbovu zimeingiliana, hakuna kizingiti kitakachokuokoa. Usikubali kushawishika kuulegeza mpaka ili laini iendelee. Tafuta kipimo kingine au rudi kwenye picha.

Zana ya vitu na katoni ya 12

Zana ya vitu huanza palepale pa zana ya ukingo, ila inakwenda hatua moja mbele: baada ya kupata kingo, inaviita vipande vilivyo kati yake kuwa vitu vyeusi au vyeupe, inapima upana wa kila kimoja, inatafuta katikati yake na kuvihesabu. Katoni yetu ina safu tatu za vifuniko vinne. Kamera inayoona upana wa milimita 320 ina milimita 0.5 kwa pikseli, na kifuniko kinachukua pikseli 60. Chora mistari mitatu ya mlalo, mmoja kwa kila safu, na uiambie kila zana itafute vitu vyeusi vinne kamili ikiwa vifuniko ni vya bluu na taa ni nyekundu.

Adui hapa ni nailoni. Inang'aa, na mng'ao ukikatiza juu ya kifuniko, kimoja kinahesabiwa viwili. Kwanza inamisha taa, kwa nyuzi 15 hivi au zaidi, ili mng'ao uruke pembeni badala ya kurudi kwenye lenzi. Kisha weka ukubwa wa chini wa kitu kuwa milimita 22 na wa juu kuwa 34. Vipande vilivyokatwa na mng'ao vitaanguka chini ya mpaka, na hesabu itakuwa pungufu badala ya kuzidi. Hesabu pungufu inakataa katoni nzima, jambo linalokera, ila ni afadhali kuliko katoni ya 11 kumfikia mwenye duka kwa sababu kifuniko kimoja kilihesabiwa mara mbili. Kamera yako ikiwa na zana ya kuhesabu madoa katika eneo zima, itumie hiyo badala ya mistari, kwa sababu inapima eneo la kila doa, inaweza kuziba matundu yaliyoachwa na mng'ao ndani yake, na haijali safu ikipinda kidogo. Washa tu chaguo la kupuuza vitu vinavyogusa mpaka wa eneo, kama katoni jirani inachungulia kwenye picha.

Kutupa chupa iliyo sahihi

Uamuzi mzuri hauna faida ukitekelezwa kwa chupa ya jirani. Pua ya hewa inayosukuma chupa nje ikiwa milimita 400 baada ya kamera, kwa mwendo wetu ishara inatakiwa ichelewe sekunde 0.8. Lakini chupa hupita moja kila sekunde 0.5, kwa hiyo kabla ya chupa iliyokataliwa kufika kwenye pua, kamera imekwisha kukagua nyingine. Baadhi ya kamera hutunza foleni ya majibu, nyingine hukumbuka jibu moja tu na kulisahau jipya linapoingia. Soma kitabu cha kamera yako kuhusu hilo. Kama haina foleni, sogeza pua iwe chini ya milimita 250 kutoka kwenye kamera, au ipe PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine za laini, kazi ya kuhesabu chupa kwa kutumia enkoda ya mkanda, kifaa kinachopima mkanda umesogea kiasi gani, njia ambayo pia haiyumbi mwendo wa mkanda unapobadilika. Mpigo wa hewa wa milisekunde 50 unatosha, maana ndani yake chupa inasogea milimita 25 pekee. Funga umeme na utoe hewa kwenye bomba kabla ya kuingiza mkono karibu na pua hiyo.

Katika PLC, chukulia ukimya wa kamera kuwa ni kukataa. Kihisi cha mwanga kikihesabu chupa na kamera isitoe jibu lolote, chupa hiyo itupwe, na ikitokea mara tatu mfululizo, mkanda usimame.

Hifadhi programu ya ukaguzi kwa jina lenye ukubwa wa chupa na tarehe, nakala moja ndani ya kamera na nyingine kwenye kompyuta ya ofisini, pamoja na picha kumi za chupa mbovu ulizotumia. Chupa mbovu zenyewe zipake rangi nyekundu kwenye kitako, uzitunze kwenye sanduku, na msimamizi wa zamu azipitishe mwanzo wa kila zamu na kuandika kama zote zimetupwa. Mwisho, chukua kalamu ya rangi na uchore mstari mmoja unaovuka skrubu ya fokasi na ganda la kamera, na mwingine unaovuka boliti ya kibanio na nguzo yake. Anayefuta vumbi usiku akizungusha pete bila kujua, asubuhi utaona mistari haikutani.